Mzee Akyoo na Kisahani cha Giza

Bwana Elirehema Akyoo, fundi sanifu mkuu wa maabara ya seli katika Kituo chetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba, amewafundisha kushika chupa vijana ambao leo ni madokta, na amekosa kazini siku tisa tu. Nne kati ya hizo zilikuwa za ng'ombe kuzaa.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu, nimeambiwa, nina mwandiko mzuri na nina nafasi. Mwandiko sawa. Hiyo nafasi waliiona mchana, nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la getini nanyonyesha, wakadhani nimepumzika. Kwa wasionifahamu, naitwa Nalepo, ni mwosha vyombo wa maabara ya seli. Karibu kila chupa aliyoitumia Mzee Akyoo kwa miaka hii mitatu imepita mikononi mwangu, kwa hiyo labda kamati haikukosea sana.

Ofisi ya utumishi ilinipa karatasi mbili zenye muhtasari wa jalada lake, nichukue tarehe. Kuna mstari mmoja humo nikaambiwa niuruke, kwa kuwa hii ni sherehe. Mstari wenyewe ni huu: "Novemba 2024. Barua ya onyo. Uzembe katika usafi wa vyombo." Samahani, sitauruka. Kwa sababu ya mstari huo jina la Mzee Akyoo liliondolewa kwenye orodha ya wafanyakazi hodari wa Mei Mosi mwaka huu, mwaka wake wa mwisho kazini, na mtu anayeosha chupa moja mara saba anaondoka hapa akiwa na maandishi kwamba ni mzembe wa usafi. Tutafika huko. Kwanza nieleze alivyoanza.

Aliingia Machi 1991, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Kikatiti, akiwa na cheti cha kidato cha nne na barua ya mchungaji iliyomsifu kwamba hasemi uongo na anajua kukamua. Akapangiwa kuosha vyombo, kazi hii hii yangu, kwenye sinki hili hili, na bomba lilikuwa linadondoka tangu wakati huo. Wiki ya kwanza mkuu wa maabara alifungua kabati akakuta chupa zote zinanukia moshi. Hakuna aliyekuwa amemweleza kijana namna ya kuosha chupa ya maabara, kwa hiyo aliziosha kama kibuyu cha maziwa kinavyooshwa kwao: maji ya moto kwanza, halafu kijinga cha moto cha mti wa mzeituni pori kinazungushwa ndani mpaka harufu ikae. Alikuwa amewasha moto wake nyuma ya stoo. Mkuu alipouliza ni nani amechoma chupa zake, Elirehema alijitokeza kwa fahari, akaongeza kwamba maziwa yakiwekwa humo hayataharibika haraka. Wanaokumbuka wanasema mkuu alinusa tena, akakubali kwamba zinanukia vizuri, kisha akavua koti akamfundisha kazi upya.

Alijifunza vizuri kupita kiasi. Alisoma jioni, akapata cheti mwaka 1996 na stashahada mwaka 2003, na akapanda ngazi moja moja hadi fundi sanifu mkuu. Lakini sinki hakuliacha. Hata alipokuwa na kiti chake na meza yake, kila asubuhi alipita kuinua chupa juu ya dirisha na kuitazama kama mtu anayekagua noti. Chupa ambayo wewe na mimi tungeinywea maji bila wasiwasi, yeye aliirudisha.

Mwaka 2012 umeme ulikatika siku mbili, jenereta likagoma, na seli zilizokuwa kwenye kabati la joto zikaanza kupoa. Seli hizo zinataka joto la mwili wa mtu, si zaidi si pungufu. Mzee Akyoo akafikiri, akaona kwamba joto la mwili wa mtu linapatikana kwenye mwili wa mtu. Ndesanjo, mtunza stoo wetu, aliingia akamkuta amesimama katikati ya chumba, sweta mbili juu ya koti, mikono imebanwa mbavuni, hataki kusalimiana wala kugeuka. Ndesanjo alidhani ni kiharusi. Akamwekea mkono kichwani akaanza kuomba. Mzee hakumkatiza, kwa sababu, alieleza baadaye, maombi hayapunguzi joto. Chini ya kila kwapa alikuwa na chupa mbili za seli, na zote nne zilipona.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomletea sifa, na baadaye barua.

Mwaka 2019 alikuja Dokta Avni. Huyu ni mtoto wa hapa hapa Arusha mjini. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, na mabati mengi unayoyaona ukipanda huku kwetu mlimani yametoka kwao. Alisoma mbali, akarudi na kichupa cha unga wa manjano. Unga huo unaitwa kitambuzi. Kwa jinsi Mzee alivyonieleza, nami ndivyo nilivyoelewa, kila chembe ya kitambuzi ina mkono na taa. Mkono unatafuta zinki peke yake, ile iliyoyeyuka, ambayo wataalamu huiita ioni. Mkono ukiwa mtupu, taa haiwaki. Mkono ukishika zinki, ukaimulika kwa mwanga wa zambarau kwenye hadubini, taa inawaka kijani. Na uzuri wake ni kwamba kitambuzi kinaingia ndani ya seli bila kuiua, kwa hiyo unaiona zinki inaingia na kutembea humo huku seli ikiendelea na shughuli zake kama kawaida. Dokta Avni alitaka kujua seli za utumbo zinaipokeaje zinki, ile ile ya vidonge wanavyopewa watoto wetu kliniki wakiharisha. Mama yeyote aliyewahi kumkimbiza mtoto nyumba nzima akiwa na kijiko mkononi anajua kwa nini kazi hiyo ina maana. Jina kamili la kemikali ile hatukuliweza. Tukaiita kimulimuli.

Kazi ya kimulimuli inataka visahani viwili. Cha kwanza, seli zimepewa zinki, na kinatakiwa kiwake. Cha pili hazijapewa kitu, na kinatakiwa kibaki giza. Cha pili kikiwaka, hakuna atakayekiamini cha kwanza. Hiki cha giza kilikuwa cha Mzee Akyoo. Watu wengine husifiwa kwa walichoonyesha. Yeye kwa miaka mitano alisifiwa kwa kisahani ambacho ukikitazama huoni kitu, na alikuwa anaita watu wapitao koridoni waje wakitazame. Ukimwambia huoni kitu, alifurahi kama umemsifia ndama.

Taabu ni kwamba zinki iko kila mahali. Iko kwenye bati, kwenye misumari, kwenye poda, kwenye mafuta ya kupaka juani, hata kwenye shampuu ya mba. Mzee akatangaza vita. Ndesanjo alikuwa na ndoo ya bati aliyoipenda, ya tangu anaanza kazi. Ikafukuzwa stoo ikaenda kukaa getini, na kuku wa mlinzi ametagia humo mwaka wa nne sasa. Dokta Avni, ambaye ni bosi wake, alimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitika marahaba kwa heshima zote, kisha akamwonyesha kwa kidole beseni la kuoshea viatu, maana huenda jana yake alipita dukani kwa baba yake. Na kule Kikatiti, Mama Anande, mkewe, alitueleza kwenye sherehe ya Krismasi kwamba paa la banda la ng'ombe linavuja na mwenye nyumba hataki kulipanda. Amesema hagusi bati mpaka utafiti uishe. Kuleta fundi pia amekataa, kwa sababu vumbi la bati litaangukia nguo zake za kazi zilizoanikwa. Ng'ombe amevumilia masika manne.

Katikati ya mwaka jana Mzee akagundua jambo lililomkosesha raha. Aliloweka glavu zetu kwenye maji safi, akatia kimulimuli, na maji yakawaka. Glavu tulizovaa ili tusichafue ndizo zilizokuwa zinachafua. Aliagiza za aina nyingine, na kama mnavyojua agizo la Kituo linavyosafiri, zingechukua miezi. Wakati huo huo akabandika amri juu ya sinki, kwa mwandiko wake na sahihi yake, tarehe 12 Agosti 2024: chupa zikishaoshwa, glavu zivuliwe, mikono inawiwe, chupa zipangwe kabatini kwa mikono mitupu.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa likizo ya uzazi. Nilirudi Jumatatu ya tarehe 2 Septemba, nikaisoma amri, nikaifuata. Wiki hiyo hiyo kisahani cha giza kikaanza kuwaka.

Mkiunganisha hayo mawili sasa hivi, mmefanya haraka kuliko maabara nzima. Hakuna aliyefikiria mwosha vyombo. Mzee aliyachuja maji upya, mara mbili, mara tatu. Alifunga madirisha siku za soko la Ngaramtoni, akisema upepo unatoka upande wa wauza mabati. Alimtuhumu Ndesanjo kwa shampuu ya mba. Ndesanjo akavua kofia, akamwonyesha upara unaong'aa toka sikio hadi sikio. Mzee akauangalia kwa muda, akamwuliza kama hakuwahi kuitumia zamani. Alimwomba Dokta Avni apunguze kwenda kwa wazazi wake Jumapili. Dokta akamsimulia mama yake, na mama yake, kwa kumhurumia, akamtumia Mzee chakula kwenye kopo la chuma. Mzee akalipima kopo kwanza, ndipo akala.

Na alinisimamia mimi. Siku tatu alikaa nyuma yangu kwenye kigoda akinitazama ninavyoosha, hasemi kitu, anahesabu maji kwa vidole. Siku ya tatu akaniambia ninaosha vizuri kuliko alivyoosha yeye ujanani, na bila moshi. Nilienda nyumbani nimevimba kichwa. Ilikuwa kweli nilikuwa naosha vizuri. Kosa halikuwa kwenye kuosha.

Mwishoni mwa Oktoba wakaja wageni wanaofadhili utafiti. Wakaangalia kisahani cha kwanza, kinawaka. Wakaangalia cha pili, kinawaka. Mmoja wao aliuliza kwa upole ni kipi kati ya hivi viwili ndicho cha giza. Mzee Akyoo alisimama pale na koti lake lililopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakumwita mtu yeyote aje kutazama. Wageni wakaondoka wakisema watarudi Februari, na kama hali ni hiyo hiyo, kazi ya miaka mitano itafungwa. Watu wakaanza kunong'ona koridoni kwamba macho ya mzee yamechoka, kwamba anachanganya visahani.

Wiki mbili baadaye akabadili swali. Badala ya kuuliza maji yana nini, akauliza chupa yenyewe ina nini. Alichukua chupa safi kutoka kabatini, tupu, akailowesha kimulimuli, akaiingiza chini ya taa. Kwenye shingo ya chupa kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya kijani, mistari yote inahesabika. Kidole chenyewe kidogo, cha mwanamke.

Saa yangu ya kunyonyesha alikuja getini. Mwanangu Lesian alikuwa anaharisha mara kwa mara tangu nirudi kazini na ngozi ilikuwa imebabuka, kwa hiyo kila bibi yake alipomleta nilimbadilisha pampasi, nikampaka krimu nyeupe niliyopewa kliniki, nikanawa mikono kama mama anavyonawa mtoto akiwa analia, yaani nusu nusu, nikarudi kupanga chupa. Nilimwamkia Mzee. Akaitika, akaomba nimwazime ile krimu. Akaishika mbali na uso, akaisogeza, akaishika mbali tena. Miwani alikuwa ameiacha ndani. Akanipa nimsomee maandishi madogo. Nikasoma kwa sauti, neno moja moja kama shuleni, mpaka nilipofika kwenye zinki oksaidi. Hapo nikaacha kusoma.

Niliona mkataba wangu, ambao ulikuwa wa kuongezwa Desemba, unaondoka kwa mguu unapita geti. Nikaanza kulia. Lesian akaona mama analia, naye akaanza. Mlinzi akaja mbio kuuliza nani amefariki. Mzee alimrudisha kwenye kiti chake, akasubiri tupumue, akasema:

"Mtoto umpake, Mama Lesian. Makalio hayasubiri utafiti. Mikono ndiyo nitakufundisha."

Akanifundisha. Mara tatu, mpaka kwenye kiwiko, na kati ya mara ya pili na ya tatu unajisugua kipande cha limau, kwa sababu krimu ile haiogopi sabuni ila inaogopa uchachu. Wale mnaouliza kila siku kwa nini kuna limau kwenye sinki la maabara, na yule anayelichukua kwenda kulia samaki, jibu ndilo hilo. Siku iliyofuata kisahani kilipungua mwanga. Wiki iliyofuata kilikuwa giza. Mzee akaniambia mambo yamekwisha, nisiyaseme, nilee mtoto. Glavu mpya zikafika. Mkataba wangu ukaongezwa. Nikaamini yamekwisha.

Yaliyobaki nimeyajua mwezi huu, nilipokwenda na zile karatasi mbili kwa Dokta Avni kumwuliza barua ya onyo ni ya nini. Alifunga mlango kwanza. Akanieleza kwamba katikati ya Novemba kulikuwa na kikao kwa Mkurugenzi. Mzee aliripoti kwamba chanzo kimepatikana, ni krimu ya mikononi. Akaulizwa ni mikono ya nani. Chupa yenye alama ya kidole ilikuwa kabatini kwake, hatua ishirini kutoka pale. Angeweza kwenda kuichukua, na leo jina lake lingekuwa safi. Dokta anasema aliirekebisha tai yake, akajibu:

"Amri ya kuvua glavu ina sahihi yangu. Na mikono yote ya chumba kile ni yangu."

Taratibu zinataka jina, na jina lililotajwa lilikuwa moja. Barua ikaandikwa. Mzee akaipokea, akasaini, akaomba nakala, akaitoboa matundu vizuri na kuiweka kwenye faili lake kwa mpangilio wa tarehe. Nikamwuliza Dokta kwa nini na yeye alinyamaza miezi yote hiyo. Akasema aliapishwa, na kwamba mtu ambaye kila asubuhi anakuamuru uoshe viatu si rahisi kumwasi.

Februari wageni walirudi. Walipanga mstari mbele ya hadubini, mmoja baada ya mwingine, watu waliopanda ndege mbili kuja kutazama giza. Mmoja alitazama kwa muda mrefu, akauliza kama taa imewashwa. Mzee Akyoo alisema baadaye kwamba katika maisha yake ya kazi hajawahi kusifiwa hivyo. Kisha akatoa leso, akafuta macho, akalaumu kioo cha hadubini kwamba kinawasha. Utafiti umeongezewa miaka mitatu.

Ijumaa iliyopita alikuwa anakabidhi. Alikabidhi funguo, daftari, kigoda na limau. Mwisho akafungua kabati lake, akatoa chupa iliyofungwa kwenye karatasi yenye maandishi USIOSHE, mwandiko wake. Nilikuwa naiona ile karatasi tangu mwaka jana nikidhani ni dawa. Akaifungua, karatasi akaitia mfukoni, chupa akanipa.

"Hii nayo ioshe. Nisije nikaacha chombo kichafu."

Niliitikia ndiyo, Mzee. Katika miaka mitatu sijawahi kumkatalia chombo. Hicho sikukiosha. Nimekileta leo. Kipo pale mezani karibu na keki, na Dokta Avni amekuja na taa. Kabla ya chakula itazimwa taa ya ukumbi, na kila mtu ataona kidole gumba cha kijani kwenye shingo ya chupa. Ni changu. Mwenye mashaka ninacho hapa, aje alinganishe.

Mkurugenzi, shikamoo. Naomba, mbele ya wenzangu, ule mstari utoke kwenye jalada la Mzee Elirehema Akyoo kabla ya tarehe 30. Kama taratibu zinataka lazima ukae mahali, jalada langu lina nafasi, lina karatasi tatu tu. Ukitaka kuniita ofisini nitakuja Jumatatu, saa nane mchana, nikishamnyonyesha mtoto. Mei Mosi imepita na cheti hatukukipata, lakini mtu asiondoke na uchafu usio wake, na yeye ndiye aliyenifundisha kuujua.

Zawadi zetu ni hizi. Wafanyakazi tumechanga mabati mapya kumi ya banda la ng'ombe, na baba yake Dokta Avni ametuongezea mawili juu, kwa niaba, amesema, ya viatu vya binti yake. Ndesanjo ametoa ile ndoo yake. Kuku tumemwomba ahame. Ndani ya ndoo nimeweka krimu. Wengi wenu hamjui kwamba Anande, binti yake, alijifungua mwezi wa nne, na kuanzia tarehe mosi Julai babu ndiye atakayebaki nyumbani na mjukuu. Mzee, upake bila woga. Hakuna atakayekuja na taa.

Tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa chupa ulizotuamuru kuosha upya, na kwa mikono uliyoifanya yako. Mama Anande, tunakurudishia mtu wako, ngazi iandae. Uwe na afya, Mzee Akyoo, ukamwone mjukuu wako akikua pamoja na ndama wa bandani, ushike bati lolote unalolitaka. Kisahani usikihangaikie. Kila asubuhi tutakitazama kwa niaba yako, na hatutaona kitu.

Nalepo
Chumba cha kuoshea vyombo, Maabara ya Seli